Gofu, mbu na ubaguzi

Leo tuongee gofu. Najua mtasema huyu mtu wa Pongwe, kakulia kwenye mkonge na machimbo ya chokaa, gofu kaijulia wapi? Subirini, maana habari yenyewe si ya mchezo, ni ya nani alipangiwa kukaa wapi.

Chukua Kampala. Kati ya kilima cha Nakasero na cha Kololo kuna bonde la kijani, miti mikubwa na nyasi zinazoteremka taratibu. Ni uwanja wa gofu, klabu yake ilianza 1908. Enzi za mkoloni Nakasero walikaa Wazungu, na Kololo baadaye ikapangiwa Wahindi. Bonde likabaki wazi katikati, na haikuwa bahati tu.

Mwaka 1897 Ronald Ross aligundua kuwa mbu ndiye anayebeba malaria. Baadhi ya madaktari wa kikoloni wakaichukua elimu hiyo wakaipindisha: watoto wa Kiafrika wana vijidudu kwenye damu, mbu akiwauma atavipeleka kwa Mzungu. Dawa yao? Tenganisha watu kwa eneo la wazi ambalo mbu hataweza kulivuka. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa Afrika Mashariki, akapendekeza miji yetu ipangwe hivyo kwa rangi. Sasa eneo wazi utalifanyia nini? Ndiyo hapo gofu inapoingia.

Kichekesho ni kwamba mpishi na dobi walilala uani kwa Mzungu huyo huyo. Mbu wa nini kuhangaika kuvuka bonde? Ross mwenyewe alisisitiza kuharibu mazalia ya mbu. Kufukia madimbwi na kuchimba mitaro kungewakinga wote, weusi kwa weupe. Lakini mitaro ya uswahilini ni gharama, jamani, na nyasi za gofu unazifaidi mwenyewe.

Dar nako Mnazi Mmoja iliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Kwetu Tanga, Wazungu walikuwa Raskazone karibu na bahari, na ukitoka mjini kwenda Ngamiani lazima uvuke reli, hiyo hiyo inayopita Pongwe. Sisemi reli iliyoanza kujengwa 1893 ilikusudiwa kutenga watu. Nasema mstari ukishakuwepo, wapangaji wa mji wanajua kuutumia.

Kuna wanaotaka viwanja hivi vikatwe vijengwe maghorofa, eti ni mabaki ya ukoloni. Mimi sikubali. Mji unahitaji pa kupumua. Wavifungue basi, watoto wa Ngamiani na Kariakoo nao wakanyage nyasi. Kuvijenga ni kutufungia nje mara ya pili.

Haya, mji wako wewe umekatwa na nini? Mto, barabara, kambi? Niambieni.