Bustani Isiyo na Soko

Hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, mtu akilemewa na kazi hushauriwa afungue duka. Mji wetu ni wa wafanyabiashara, wenye kwenda Dubai na Guangzhou kuleta bidhaa, na hata mapumziko tunayapima kwa faida. Nilipoanza kulima poaro, kile kitunguu cha majani marefu, nyuma ya nyumba yangu, majirani wote waliniuliza: «Mama, utauza wapi?» Swali hilo lina historia ndefu kuliko wanavyodhani.

Mimi ni muuguzi. Ebola ilitangazwa kwetu Agosti 2018, ikaua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Mei mwaka huohuo shirika lake lilieleza rasmi uchovu wa kupindukia utokanao na kazi kuwa ni hali inayotambulika. Sisi tulikuwa tumekwisha kuijua. Ugonjwa uliisha, usingizi wangu haukurudi. Nilikuwa nikisikia harufu ya klorini hata kanisani.

Basi nikashika jembe, na jembe likanirudisha kwa wazee. Mababu wa Wanande, wenyeji wa milima hii, walijua ulezi, ndizi, majimbi. Kabichi, karoti, poaro na viazi ulaya viliingia milimani wakati wa Wabelgiji, na si kwa hiari tupu. Amri ya mwaka 1917 iliruhusu serikali kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyataka, hadi siku 60 kwa mwaka. Kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, iliundwa 1923, na kambi yake ndiyo iliyozaa mji wa Butembo; wachimbaji walipaswa kulishwa. Hifadhi ya Albert, Virunga ya leo, ilianzishwa 1925, ikapanuliwa, ikala ardhi ya bonde. Watu wakabanana miteremkoni, kila kipande kikalimwa. Jembe likawa amri ya mtu mwingine. Naamini uchovu wa aina hiyo tuliurithi kabla hatujapata jina lake.

Baada ya uhuru Wanande waligeuza shuruti ile kuwa mali, na hapo nawavulia kofia. Maharagwe, vitunguu na kabichi vya eneo letu la Lubero vilipakiwa kwenye malori hadi Kisangani, na vingine vikashuka kwa mto Kongo hadi Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700 majini. Baba yangu alikuwa dereva katika njia hiyo. Alikuwa akisema kwamba kabichi haimsubiri mtu: tope likikushika msituni, unanusa hasara yako mwenyewe. Barabara ilipozidi kuharibika biashara ile ilidhoofika, lakini macho ya muuzaji yalibaki kwetu. Hata leo mtu wa Butembo akiona kitalu kizuri anaona magunia.

Mimi naona miche. Napanda poaro mferejini, nasogeza udongo shinani kidogo kidogo kadiri inavyorefuka, ili shina libaki jeupe na laini. Ni kazi ya miezi. Hakuna takwimu ya kutuma jioni, hakuna anayekufa nikichelewa. Usingizi ulirudi polepole, na ninasema wazi kwa wauguzi wenzangu: tafuteni kitu cha mikono ambacho hakuna bosi atakayekiombea ripoti. Wanaoniambia huo ni upotevu wa ardhi, katika mji ambao parseli ni ghali hivi, nawaheshimu, ila siwafuati.

Tangu Juni 2024, mji wa Kanyabayonga ulipotekwa na waasi wa M23, wakimbizi wengi wa kusini mwa Lubero wamefika hapa. Mama mmoja kati yao aliona kitalu changu kutoka barabarani, akaingia bila kuitwa, akanionyesha kwamba napanda kwa kubananisha mno; kwao yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Yeye anahitaji kuuza, ana watoto wanne. Kwa hiyo tumegawa shamba kwa kamba: upande wa juu ni wake, anapeleka sokoni kila Jumamosi, upande wa chini ni wangu, na hauuzwi.