Kuazima na Kunakili katika Hadithi za Ajabu

Swali hili huzuka mara kwa mara katika ufundishaji wa fasihi: mwandishi anayechukua kisa cha aliyemtangulia tumwite mrithi wake au mwizi wake? Makala haya yanatazama mifano miwili ya hadithi za ajabu ili kumsaidia mwalimu kulijibu.

Mfano wa kwanza ni wa Marekani. Mwaka 1977 Terry Brooks alitoa riwaya The Sword of Shannara. Waliokwisha kusoma The Lord of the Rings ya Mwingereza J.R.R. Tolkien (1954–1955) waliutambua mpango wake mara moja: mzee wa miujiza anamtoa kijana katika kijiji chenye amani, watumishi wa bwana wa giza wanamwandama, na kundi la wasafiri linatawanyika njiani. Mwaka 1978 mhakiki Lin Carter aliishutumu vikali, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameandika riwaya nyingi kwa kufuata nyayo za Edgar Rice Burroughs na Robert E. Howard. Kitabu kiliuzwa sana hata hivyo.

Tolkien naye aliazima. Majina ya vibete wake wengi, na hata jina la Gandalf, yamo katika Völuspá, utenzi wa kale wa Kaskazini mwa Ulaya. Lakini yeye alichukua majina akayatungia maisha. Brooks alichukua safari nzima. Kilicho chake hasa ni upanga unaomlazimisha mtu kuuona ukweli wa nafsi yake.

Mfano wa pili uko nyumbani. Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert inatokana na kisa cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, katika Alfu Lela Ulela. Ndugu wawili wenye choyo, mji uliogeuka mawe, jini aliyeokolewa, adhabu ya viboko kila usiku: vyote vimo katika kisa cha awali. Tukihesabu tu, Shaaban Robert alichukua mengi kuliko Brooks!

Mbona basi halaumiwi vile? Kwanza, Alfu Lela Ulela ni urithi wa wengi usio na mtunzi mmoja, ilhali Tolkien alikuwa amefariki miaka minne tu kabla ya kitabu cha Brooks. Pili, Shaaban Robert aliigeuza maana. Harun Rashid akawa Rai, mbwa wakawa manyani, na ndugu wakaitwa Hasidi na Mwivu, majina yanayotangaza tabia zao. Kisa cha kustaajabisha kikawa funzo la uadilifu, tena kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyemwazima.

Kwa hiyo, mwalimu anaposahihisha hadithi za wanafunzi, asiishie kuuliza "Umechukua nini?" Aulize pia "Umekifanyia nini?" Mwanafunzi ataje asili ya kisa chake waziwazi, kisha apewe alama kwa alichokiongeza. Akikosa jibu la swali la pili, hapo ndipo tuseme amenakili.