Riwaya Iliyowarudishia Waashi Jina Lao

Ken Follett, mzaliwa wa Wales, alikwisha kupata umaarufu kwa riwaya za ujasusi alipotoa The Pillars of the Earth mwaka 1989. Ni kitabu cha karibu kurasa 1,000 kuhusu ujenzi wa kanisa kuu katika Uingereza ya karne ya 12, na ndicho kilichompatia wasomaji wengi kuliko vyote alivyokuwa ameandika.

Mji wa Kingsbridge ni wa kubuni, lakini historia inayouzunguka ni ya kweli. Mwaka 1120 meli iitwayo White Ship ilizama na mrithi wa Mfalme Henry I akafa maji. Mfalme alipofariki, mpwa wake Stephen na binti yake Maud wakagombania kiti, nchi ikaingia vitani kwa miaka mingi. Humo ndimo Follett anamomtia Tom, fundi mwashi anayezunguka na familia yake akitafuta kazi huku njaa ikiwaandama.

Sehemu ninayoipenda zaidi inahusu uzito. Paa la mawe husukuma kuta kwa nje, kwa hiyo wajenzi wa zamani walijenga kuta nene zenye madirisha madogo, na ndani kukawa giza. Tao la mviringo nalo lina mpaka wake: kimo chake hutegemea upana wake. Tao lenye ncha huweza kupandishwa juu bila kutanuliwa, na msukumo wake kwa pembeni ni mdogo. Jack, mwanafunzi wa Tom, anaiona siri hiyo Ufaransa, katika kanisa la Saint-Denis, ambalo sehemu yake mpya ya mashariki iliwekwa wakfu kweli mwaka 1144. Huko kuta zilipungua, vioo vya rangi vikachukua nafasi yake.

Maumivu ya wajenzi katika riwaya hayakutiwa chumvi. Kanisa kuu la Canterbury liliungua mwaka 1174, akaitwa fundi Mfaransa, William wa Sens. Mwaka 1178 alianguka kutoka kwenye jukwaa, akaumia vibaya. Akaendelea kuamuru kazi akiwa kitandani, hata aliposhindwa kabisa akarejea kwao, na William mwingine, Mwingereza, akaimaliza. Tunayajua haya kwa sababu mtawa Gervase aliyaandika. Waashi wengi wa zama hizo hawakumpata Gervase wao. Maaskofu ndio waliosifiwa, na waashi wakaachiwa alama walizochonga kwenye mawe. Tom ni wa kubuni, lakini Follett amewatendea haki kwa kumweka yeye, wala si askofu, mwanzoni mwa hadithi.