Ziwa na Walinzi Wake: Historia ya Kuzuia Uvuvi Haramu Bukoba na Muleba

Wahenga walinena kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Methali hii ilizaliwa katika pwani ya Bahari ya Hindi, ambako watu huokota chaza, kome na pweza maji yanapokupwa. Ziwa Victoria halina pweza, wala halina kupwa na kujaa. Hata hivyo maana ya methali hiyo yafika mpaka Bukoba na Muleba bila kupungua. Ajuaye samaki alipo ndiye awezaye kumwangamiza, na ndiye pia awezaye kumlinda. Historia ya kuzuia uvuvi haramu katika pwani ya magharibi ya ziwa hilo ni historia ya swali moja: je, mvuvi ahesabiwe kuwa mshtakiwa au mlinzi?

Zana za kale

Kabla ya ukoloni, wakazi wa pwani ya Buhaya walivua kwa migono, kwa ndoana na kwa mitego iliyowekwa kwenye midomo ya mito. Mitumbwi yao ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, ufundi walioshirikiana na majirani wao wa Buganda na visiwa vya Sese. Katika imani za Wahaya, ziwa, mvua na dhoruba vilikuwa chini ya Mugasha, na mvuvi aliyetoka kwenda majini alijua kwamba anaingia katika milki ya mwingine.

Yafaa, lakini, tusiwapambe wazee wetu kwa sifa ambazo wao wenyewe hawakuzidai. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walijua kulevya samaki kwa mmea wa utupa. Kilicholinda ziwa zaidi ya yote ni udogo wa zana. Mtumbwi ulikwenda karibu, mgono ulijaa upesi, na samaki wengi walibaki. Mizani hiyo ilikuwa imara kadiri zana zilivyobaki zile zile.

Nyavu za kitani na sheria ya inchi 5

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1905 nyavu za kitani kutoka Ulaya zikaanza kutumika upande huo wa ziwa, na baada ya muda zikaenea kwingineko. Samaki aliyetafutwa sana alikuwa ngege, mtamu na mwenye bei. Ngege ana tabia moja iliyo muhimu katika habari hii: jike huyatia mayai yake kinywani na kuyalea humo, kisha huwaachia watoto katika maji ya kina kifupi karibu na matete. Basi anayevua kwa wavu wa macho madogo karibu na ufuko havui samaki wa leo tu. Avua na wa mwaka ujao.

Upungufu ulionekana mapema. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, aliuchunguza uvuvi wa ziwa zima, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1929. Alipendekeza macho ya wavu yasipungue inchi 5, na kwamba ziwa lote liwe chini ya usimamizi mmoja, kwa kuwa samaki hawajui mpaka wa Tanganyika, Uganda na Kenya. Kanuni ya inchi 5 ilipitishwa mapema katika miaka ya 1930. Idara ya pamoja ya uvuvi haikuundwa mpaka mwaka 1947.

Kanuni ilikuwa ya busara, lakini ilitawaliwa kwa mbali. Mvuvi wa Bukoba hakuulizwa wakati ilipotungwa. Alikutana nayo kwa mara ya kwanza mkononi mwa askari aliyempima wavu. Ngege walipozidi kupungua, nyavu za inchi 5 hazikuweza tena kumlipa mwenyewe, na wavuvi wakahamia macho madogo kwa siri. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 kanuni hiyo iliachwa Tanganyika na Uganda. Wakati huo huo nyavu za nailoni, zilizo nyepesi na zisizooza, zilikuwa zimekwisha kuingia.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa ningu. Samaki huyu hukaa ziwani, lakini wakati wa mvua hupanda mito, kama vile Kagera, ili kutaga. Zamani safari yake ilikuwa msimu wa neema. Nyavu zilipotandwa mfululizo kwenye midomo ya mito, mamia ya samaki wenye mayai walinaswa kabla ya kufika walikokwenda. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi mkubwa wa ningu ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na adui kutoka mbali. Kila mvuvi alichukua sehemu yake, na jumla ya sehemu hizo ikawa samaki wote.

Sangara na fedha za kigeni

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara alitiwa ziwani upande wa Uganda na Kenya. Katika miaka ya 1980 aliongezeka kwa kasi ya kushangaza. Furu, waliokuwa wa zaidi ya aina 500, walipungua vibaya, na aina nyingi hazikuonekana tena. Ngege naye karibu atoweke ziwani. Kwa upande mwingine, viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma na Bukoba, na samaki wa ziwa letu wakauzwa Ulaya.

Fedha zilileta watu. Visiwa vya Muleba, kama vile Bumbire, Goziba na Ikuza, vilijaa makambi ya wavuvi kutoka mikoa mbalimbali. Mwenye chombo mara nyingi hakuwa mvuvi, bali tajiri aliyetoa mtumbwi, injini na nyavu, naye huenda amekopeshwa na wakala wa samaki. Mtu mwenye deni hangojei samaki akue. Hapo kokoro, wavu unaokokotwa mpaka ufukoni, ukapata wateja. Na wengine wakathubutu kutumia sumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa kuhofia sumu hiyo. Tamaa ya wachache ikawafungia soko wavuvi wa nchi tatu, waaminifu na wasio waaminifu.

Sheria na mwalo

Sheria hazikukosekana. Palikuwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, na baada yake Sheria Namba 22 ya mwaka 2003. Nchi tatu zilitia sahihi mkataba wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria huko Kisumu mwaka 1994, na makao yake yakawekwa Jinja. Hivyo wazo la mwaka 1929 likapata mwili mwingine. Lakini ziwa lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, na nusu yake na kidogo zaidi imo Tanzania. Boti chache za doria haziwezi kukesha katika kila ghuba.

Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1990 vilianzishwa vikundi vya ulinzi wa uvuvi katika mialo, vijulikanavyo kwa kifupi kama BMU. Wazo lake ni jepesi kulielewa tukilitazama kokoro lenyewe. Halivutwi na mtu mmoja. Linahitaji mikono mingi, huvutwa mpaka nchi kavu, na samaki wake wachanga hupimwa, hukaushwa na kuuzwa. Wizi wa namna hii si siri kwa kijiji. Nyavu ndogo zaweza kutandwa usiku, lakini samaki hana budi kufika mwaloni, na mwaloni pana macho.

Hata hivyo macho yaweza kufumbwa. Mlinzi wa mwalo ni jirani, shemeji, pengine mdaiwa wa yule anayevunja sheria. Asipolindwa na serikali, hunyamaza kwa woga. Asiposimamiwa na wenzake, huuza ukimya wake. Mwaka 2018 serikali iliendesha operesheni kali katika ziwa zima. Nyavu haramu ziliteketezwa na faini kubwa zikatozwa. Malalamiko yalifika Bungeni kwamba baadhi ya watu walionewa. Pande zote mbili zilikuwa na hoja: bila adhabu sheria ni maneno matupu, na adhabu isiyo ya haki humfanya mvuvi amwone mlinzi kuwa adui na mhalifu kuwa ndugu.

Mafunzo

Tukiangalia nyuma, twaona kwamba kanuni ya inchi 5 ilianguka ijapokuwa ilitegemea elimu ya kweli, kwa sababu wale waliotakiwa kuitii hawakuwa na sehemu ndani yake. Twaona pia kwamba kijiji peke yake hakiwezi kumzuia tajiri mwenye injini na nyavu mia. Ulinzi wa samaki wataka vyote viwili: mkono wa sheria ulio wa haki, na jicho la mwalo lisilonunulika. Na mkopo wa nyavu halali uwe rahisi kuupata kuliko ule wa nyavu haramu, kwani njaa haisomi kanuni.

Samaki mkunje angali mbichi. Vijana wa Bukoba na Muleba ndio watakaorithi ziwa hili. Ingefaa walimu wawapeleke mwaloni, wawaulize wazee majina ya samaki waliowahi kuvuliwa pale, na kuyaandika. Kisha waulize ni wangapi kati ya hao bado waonekana. Orodha hiyo itawafundisha mambo ambayo bango la onyo halijaweza kuyafundisha.