Kenge wa Jangwani

Jioni moja baada ya mvua nilitoka Kariakoo kwa miguu, nikashuka Jangwani kupunga upepo. Karibu na daraja nikakuta watu wamejazana, wengine na mawe mkononi. "Mamba! Mamba!" Kwenye matope ya Msimbazi kalala mnyama mrefu karibu sawa na mtu mzima, mgongo mweusi wenye madoa ya manjano. Maisha yangu sijapata kumwona. Moyo ukanidunda, nami nikaokota jiwe langu.

Mzee mmoja muuza kahawa akanishika mkono. "Kijana, mtazame kwanza ndipo umhukumu."

Nikatazama. Shingo ndefu, pua nyembamba, kisha ulimi ukachomoza, una ncha mbili kama wa nyoka. "Mamba hatoi ulimi nje," mzee akasema. "Huyo kenge."

Lo! Kumbe yule tunayemtaja kila siku kijiweni, eti kwenye msafara wa mamba kenge hawakosi, sura yake nilikuwa siijui! Kenge hana ugomvi na asiyemchokoza. Hula kaa, samaki, panya na mizoga, na mayai ya mamba mwenyewe akiyapata. Nikaliacha jiwe lianguke. Wawili watatu wakarusha ya kwao, kenge akajitumbukiza majini akaenda zake.

Nikarudi nyumbani na swali: wanyama watambaao wa kwetu, nani aliwaandika vitabuni? Jibu likanirudisha pale pale Kariakoo.

Mmoja wao ni Arthur Loveridge, aliyezaliwa Wales mwaka 1891. Alifika Nairobi mwaka 1914 kutunza makumbusho. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka akawa askari wa Waingereza, na huko huko vitani akawa anakusanya mijusi. Mwaka 1920 alichapisha maelezo ya mijusi wa Afrika Mashariki aliowakusanya kati ya 1915 na 1919. Baadaye akafanya kazi ya wanyamapori Tanganyika, kisha mwaka 1924 akahamia makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Sasa, vita hiyo hiyo ndiyo iliyoipa Kariakoo jina. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Midomo yetu ikaifanya Kariakoo. Wapagazi wale walibeba risasi na unga, wakafa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Nenda kaitazame Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka askari na wapagazi kwa jumla, lakini jina la mpagazi hata mmoja halimo. Mjusi kaandikwa, aliyebeba mzigo hakuandikwa.

Usiseme basi ndivyo dunia ilivyo. Kule Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria, hao watambaao wakubwa wa kale. Waliochimba na kuibeba mifupa hadi pwani ni watu wa kwetu, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Jina lake halikupotea. Mwaka 2007 mtaalamu Kristian Remes alimwita dinosaria mmoja wa Tendaguru Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Ilichukua karibu miaka mia, lakini ilikuja, kwa sababu kuna mtu aliyeliandika jina lile mapema.

Vijana wenzangu wa kalamu, tusiyemjua jina tunampiga mawe upesi, na tunamsahau upesi. Ukipata nafasi muulize bibi yako, muulize babu yako: nani katika ukoo wetu alibeba mzigo wa vita ile? Akikutajia jina, liandike usiku huo huo.

Nami nikuambie ukweli. Yule mzee wa kahawa aliyenifumbua macho, nilimshukuru nikaondoka. Jina lake sikumuuliza. Kesho jioni narudi Jangwani.