Kamari ya Buyenzi Ilikuwa na Mashahidi

Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, haujawahi kukosa kamari. Nimezeeka humu nikitengeneza magari, na wacheza karata niliwakuta. Walijificha nyuma ya nyumba, kwa kuwa Kurani imeikataza kamari waziwazi katika Sura ya Al-Maida. Mzee wa msikitini akipita, karata zinaingia chini ya jamvi. Lakini aliyeliwa alijulikana mtaa mzima. Mkewe alipata habari kabla yeye hajafika nyumbani, na mwenye duka akaacha kumkopesha. Aibu ile ilikuwa breki.

Baadaye ikaja bahati nasibu ya taifa, LONA. Tiketi ulinunua hadharani, kisha ukasubiri. Subira hiyo nayo ilimpa mtu nafasi ya kupoa.

Zikafuata nyumba za kubeti mpira, halafu simu. Mwaka 2019 Burundi ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, huko Misri, ikafungwa mechi zote 3 bila kupata goli. Gereji kwetu, wengine waliilia timu, wengine walililia mikeka yao ya kubeti iliyochanika. Sasa mtu analiwa usiku, kitandani, jirani hajui.

Kijana wetu mmoja aliweka rehani sanduku zima la spana ili arudishe kilicholiwa. Huko kufukuzia hasara ni dalili ya ugonjwa wa kamari. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliutambua mwaka 1980, na mwaka 2013 kikauweka fungu moja na ulevi.

Kupona kunaanza kwa kurudisha mashahidi. Mwaka 1957, Los Angeles, wacheza kamari walianza kukutana na kuelezana madeni yao. Chama chao, Gamblers Anonymous, kipo hadi leo. Kijana wetu alitaja deni moja moja mbele ya mama yake na mafundi. Malipo yake ya wiki yakawa yanapokelewa na mama, spana zikakombolewa kwa zamu yake ya upatu, na simu ya intaneti akaiuza. Aliteleza tena, ila safari hii alikuja kusema mwenyewe.

Mzazi mwenzangu, mwanao akizama, usimfukuze, wala usimlipie deni kimyakimya. Mkalishe, alitaje, pesa ashike mwingine. Akizidiwa, Kamenge kuna hospitali ya magonjwa ya akili, mpeleke.