Msumbiji: Ardhi Baada ya Mkataba

Ndugu, twafundisha kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Msumbiji vilikwisha Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Kwa mkulima havikwisha. Ardhi, njia kuu ya uzalishaji mali, ilikuwa imetegwa mabomu na pande zote mbili. Mengine yalitegwa na wakoloni wa Kireno mpakani Cabo Delgado, kuwazuia wapigania uhuru waliotokea Tanzania. Bomu halisomi mkataba: humngoja mwenye jembe. Wateguaji walipiga magoti, wakichokoa udongo shibiri kwa shibiri. Hata panya buku waliofunzwa Morogoro walisaidia, maana hunusa baruti na uzito wao haulipui bomu. (Aliyewacheka hakulima huko.) Nchi ilitangazwa kuwa imesafishwa Septemba 2015.